Jogoo wa Safari

“Mama Ouko, chinja hiyo jogoo pia. Wageni wamekuwa wengi.”

Immaculate aliinua kichwa kutoka kwenye karai la viazi. Alidhani hakusikia vizuri.

“Jogoo gani?”

“Si hiyo nyeupe. Kwani uko na jogoo ngapi?”

“Baba Ouko, hiyo si ya kuchinja. Hiyo ni ya safari.”

Omolo alikuwa anajitazama kwenye kioo cha dirisha, akivuta tai yake huku na huku. Suti ilikuwa mpya, ya kijivu, imenunuliwa makusudi kwa Jumamosi hiyo ya mwezi wa nne mwaka 2004. Siku hiyo wenzake wa kiwandani Athi River, pamoja na watu wa kanisa, walikuwa wanakuja hapo nyumbani Kitengela kumuaga. Alikuwa ametimiza miaka hamsini na mitano. Mzee wa stoo alikuwa anastaafu.

“Safari ya wapi?” aliuliza, macho yake bado kwenye tai.

“Ya dala. Umesahau?”

“Sijasahau. Lakini kuku ni kuku. Tutapata ingine.”

Akaondoka kwenda kusimamia vijana waliokuwa wanafunga hema. Immaculate alibaki ameshika kisu na kiazi nusu, akimtazama yule jogoo akichakura udongo mweusi karibu na tangi.

Ngoja nikueleze habari ya huyo jogoo, maana bila yeye utadhani hawa wawili waligombania kitoweo.

Mjaluo akitaka kutoka kwa baba yake na kuanzisha boma lake mwenyewe, dala, hajengi tu anavyojisikia. Kuna siku yake. Asubuhi na mapema baba hushika jogoo, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba shoka, mama hubeba moto. Kibanda husimamishwa siku hiyo hiyo, na jioni mume na mke hulala humo. Baada ya hapo hata wakijenga ghorofa, ni ghorofa ya watu walioanza pamoja.

Immaculate alikuwa anaingoja siku hiyo kwa miaka minane. Alikuwa nesi wa hospitali kule Kajiado, mtoto wa mfanyakazi wa reli, amezaliwa na kulelewa Nakuru. Kijaluo chake kilikuwa cha kuombea chumvi. Mila alizijua kwa mdomo wa mumewe, na mumewe alikuwa mtu wa maneno matamu. Waliponunua ploti ya Kitengela mwaka 1996, wakati pundamilia bado walikuwa wanakuja kujikuna kwenye nguzo za waya, Omolo alicheka hadi akashika kiuno.

“Hii ni ardhi ama ni mawe? Andika jina lako mwenyewe, Imma. Mimi siwezi zeekea Umasaini.”

“Na tutazeekea wapi?”

“Alego, kwetu. Nitakujengea dala. Viti viwili kwa baraza, wewe na mimi, kuku zikipita kwa miguu yetu. Sikiza, tugawane kazi. Wewe shika leo, mimi nishike kesho.”

Na hivyo ndivyo walivyoishi. Mshahara wa Immaculate ulishika leo: karo, unga, gesi, mawe ya nyumba ya Kitengela. Mshahara wa Omolo ulishika kesho, ukaenda Alego. Kila alipoomba kwenda kuona kesho yake imefika wapi, aliambiwa mambo ni ya mila.

“Mwanamke haoni dala yake kabla ya siku ya kuingia. Ukikanyaga mapema unaharibu.”

Msichana yeyote aliyekulia kijijini angemcheka usoni, kwa sababu hakuna mila kama hiyo. Immaculate alitii. Hata Krismasi aliacha kwenda, akawa anachukua zamu za wodini. Badala yake alimlea jogoo mweupe aliyemnunua kwa Soila, jirani yake Mmasai aliyekuwa anamletea maziwa, akamlisha mtama kwa mkono wake. Alikuwa anampenda Omolo. Niliseme hilo wazi, kwa sababu watu wa Kitengela walikuja kumwita mjinga, na hakuwa mjinga.

Sasa siku ya kustaafu imefika, na mwenye safari anasema jogoo achinjwe.

“Ouko!” aliita.

Ouko, mtoto wake wa kwanza, alikuwa fundi wa stima wa miaka ishirini na miwili, kijana mkimya. Alikuja akifuta mikono.

“Baba yako amesema tuchinje hii.”

Ouko alipokea kisu. Akamshika jogoo, akamkanyaga mbawa vizuri, akainama. Halafu mkono ukakataa.

“Nini? Umekuwa mwoga lini?”

“Mathe, hii kuku siwezi.”

“Kwa nini?”

“Buda anajua haendi na hiyo jogoo popote. Ndiyo maana amesema ichinjwe.” Kisu kikamponyoka. “Dala ilishaingiwa, Mathe.”

“Ilishaingiwa na nani?”

“Kitambo. Nikimaliza fomu foo. Ile Disemba tulisema tunaenda kuona dani. Alfajiri akaniamsha, akanipea shoka.”

Dani ni nyanya, mama yake Omolo. Immaculate aliikumbuka safari ile. Ni yeye aliyewapikia chapati za njiani.

“Shoka ulibeba wewe?”

“Nilibeba mimi.”

“Na moto?”

Ouko alilia. Kijana mzima, na kucha zake za grisi, alijifunika uso kama mtoto wa nasari.

“Ouko, nimekuuliza. Moto ulibebwa na nani?”

“Valerie.”

“Valerie ni nani?”

“Ako na duka pale Ugunja. Buda alisema nikikuambia, chira itakuua wewe. Si yeye, si mimi. Wewe. Ningefanya nini, Mathe?”

Chira ni laana inayomfuata mtu akivunja mila, na huua polepole. Kwa hiyo Omolo alikuwa amemkabidhi mtoto kifo cha mama yake akichunge, miaka mitatu na zaidi. Immaculate alimtazama mwanawe na kuona kwa nini ukimya ule ulianza mwaka ule na haukuisha. Hilo lilimuuma kuliko jina la mwanamke.

Hakupiga mayowe. Aliokota kisu, akamchukua jogoo kutoka chini ya mguu wa Ouko, akamchinja mwenyewe.

“Leta maji moto,” alisema. “Wageni wanakuja.”

Alikuwa ananyonyoa manyoya simu ya Omolo ilipolia sebuleni, ilipokuwa inachajiwa. Alipangusa mkono kwenye leso, akaingia na kuitazama. Jina lililoandikwa lilikuwa Fundi wa Mabati. Nyumba nzima ilimjua huyo fundi. Alikuwa anapiga asubuhi, anapiga jioni, hadi watoto walikuwa wanamtania baba yao kwamba mabati ya Alego yanaongea.

“Halo?”

“Baba, lori ya kuleta vitu inatoka saa ngapi? Mimi nimeshafagia.”

Sauti ilikuwa changa, yenye heshima.

“Ni Mama Ouko.”

Nyuma ya simu mtoto mdogo alikuwa anaimba.

“Habari yako, dada,” Valerie alisema.

“Umefagia wapi, Valerie?”

“Hapa dala.”

“Dala ya nani?”

“Dada, mimi sitaki vita na wewe. Aliniambia ulikataa. Alisema wewe ni mtu wa taoni, umesema huwezi zeeka na mbu.”

“Alisema hivyo?”

“Mbele ya mama yake. Na mama akasema heri mimi, najua kupika samaki.”

“Huyo anaimba ni nani?”

“Ni wetu. Anaingia nasari.”

Immaculate aliitazama picha ya harusi ukutani, Omolo na nywele zake nyingi za zamani.

“Lori itatoka jioni,” alisema. “Nitapakia mimi mwenyewe.”

Wageni walikula, wakacheza, wakamsifu Omolo hadi akalegea kwenye kiti chake cha heshima. Upepo wa Kitengela ulipuliza hema na vumbi la simiti kutoka upande wa viwandani. Wenzake wa stoo walileta zawadi za mstaafu: wilbaro, tangi la maji, majembe, godoro la tano kwa sita. Akina mama wa kanisa walileta mablanketi mawili na viti viwili vya baraza vilivyosukwa kwa mkono, na mmoja wao akamkonyeza Immaculate, maana alikuwa amewasimulia.

“Sasa tumsikize mama wa boma!” alitangaza msimamizi wa sherehe.

Immaculate alisimama na sahani mikononi. Aliipeleka kwanza kwa mumewe, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili.

“Kula, Baba Ouko.”

“Asante, mama.”

“Ni ile jogoo.”

“Naona.”

“Kula basi, watu wakuone.”

Omolo alimega kipande, akatafuna. Watu wakapiga makofi. Ndipo Immaculate akageukia hema.

“Ndugu zangu, nawashukuru. Vitu mmeleta ni vya dala, na dala iko tayari. Mwenye dala amepiga simu mchana huu. Anaitwa Valerie. Ameshafagia, na mtoto wao anaimba vizuri sana. Kwa hivyo vijana, mkimaliza soda, naomba mnisaidie kupakia.”

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa kanisa alianza wimbo, akaukata katikati.

“Imma,” Omolo alisema kwa sauti ya chini, “wacha mchezo. Twende tuongee ndani.”

“Ndani ya nyumba gani? Hii ya mawe? Ongea hapa.”

“Unaniaibisha mbele ya watu.”

“Nilikosa nini? Niambie tu, nijue. Nilikosa nini?”

Omolo aliweka sahani chini. Aliona macho ya wenzake, na mtu mwenye hatia akitazamwa hivyo mara nyingi huchagua ukali.

“Haukukosa kitu. Lakini wewe si mtu wa nyumbani, Imma. Hata lugha inakushinda. Mama yangu alitaka mtu wa kukaa naye. Sasa ungetaka nimwache mama peke yake?”

“Ungeniambia ningekuja.”

“Ningekuambia ungekuja na maswali.”

“Basi nitakuja sasa. Nijengee hata kibanda, mimi ni mke mkubwa.”

Alilisema hilo mbele ya watu wote, na aliyelisikia hakulisahau. Alikuwa bado anaomba.

“Haiwezekani,” Omolo alisema. “Ukishatangulia kuingia na mdogo, mkubwa haingii tena. Ukikanyaga pale ni kifo.”

“Kwa hivyo nikizeeka nitakaa wapi?”

“Si uko na Kitengela yako? Kaa na mawe yako.”

“Na nikifa?”

Omolo alivuta tai.

“Hiyo utauliza wazee. Mimi sikuweka hizo mila. Wazee ndio waliweka.”

Lori liliondoka saa kumi na moja. Immaculate aliinua wilbaro kwa mikono yake, akapitisha godoro, akakunja mablanketi. Viti viwili vya baraza alivishika kidogo, kisha navyo akavipandisha. Omolo alipanda mbele na dereva. Hakuaga, na Ouko hakutoka ndani.

Kwa wiki mbili Immaculate alienda kazini na kurudi kama mtu anayetembea usingizini. Simu ya Omolo haikuja. Ilikuja mesiji moja tu: “Tuma koti langu la mvua na dereva wa basi.” Alilituma, limekunjwa na kupigwa pasi.

Soila alikuja asubuhi moja na dumu lake la maziwa, akamkuta ameketi kwenye ngazi na sare ya kazi.

“Takwenya, Mama Ouko,” alimsalimu kwa Kimasai.

“Iko.”

“Bado unalia?”

“Sijalia.”

“Hiyo ndiyo mbaya. Lia, umalize, halafu uza hii shamba. Siku hizi watu wa Nairobi wananunua mawe kama nyama. Nunua ng'ombe sokoni Bisil, uzeeke vizuri.”

“Siuzi. Nampea Ouko.”

“Ouko ni kijana. Akioa, bibi yake atakutoa.”

“Soila, mume wangu alinifungia mlango akasema si yeye, ni mila. Mimi sijui mila. Nilikuwa mjinga wa mila. Sasa nimeenda kwa wazee wetu pale kanisani, nimewauliza mmoja baada ya mwingine. Nimejifunza.”

“Umejifunza nini?”

“Baba halali kwa dala ya mtoto wake wa kiume. Hata mvua inyeshe mawe. Hata akiwa mgonjwa.”

Soila alimwaga maziwa kwenye sufuria, akafikiri.

“Na huyo ataingia aje kwa hiyo dala, kama hataki kuja?”

“Atakuja. Nitamwita. Nataka mlango aufunge yeye mwenyewe.”

“Ai, Mama Ouko,” Soila alisema polepole. “Wewe sasa unaniogopesha.”

Mwaka uliofuata Ouko alioa msichana wa Kiserian aliyeitwa Nyaguthii. Immaculate alimpeleka mwanawe afisi za ardhi Kajiado, akamwandikia ploti yote, na wiki hiyo hiyo akampigia Omolo simu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lori liondoke.

“Baba Ouko, habari ya Alego?”

“Nzuri.” Sauti ilijaa mashaka. “Kuna nini?”

“Mtoto ameoa. Anataka kuanzisha dala yake hapa Kitengela. Wazee wanasema baba ndiye anamshikia mkono. Bila wewe haiwezekani.”

“Hapo Umasaini?”

“Ndipo ako na ardhi. Njoo, baba. Tafadhali. Usiache mtoto aaibike kwa wakwe zake.”

Neno baba lilimwingia Omolo vizuri. Alijiona amesamehewa. Hata zaidi ya kusamehewa, alijiona anahitajika.

“Nitakuja,” alisema. “Mwambie atafute jogoo.”

Ouko alimsikiliza mama yake hadi akakata simu.

“Mathe, unafanya nini? Si tungemwacha tu?”

“Napanga uzee wangu.”

“Na mimi?”

“Wewe ulibeba shoka la baba yako ukiwa umefungwa mdomo. Hii mara utabeba lako.”

Omolo alikuja na kofia na fimbo, tumbo limeongezeka kidogo. Alipiga hatua kwenye ploti ile ile aliyoicheka, akaonyesha mahali pa nyumba na mahali pa geti. Nyaguthii alibeba moto kwenye kigae huku shangazi zake wakitazama kwa mshangao. Majirani walikuja, na Soila na mumewe Lemayian wakasimama kando. Kibanda kilipokwisha, Omolo aliinua fimbo na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

“Kuanzia leo hii ni dala ya Ouko mwanangu! Kutoka waya hadi waya. Mimi hapa ni mgeni tu!”

“Rudia, baba, wengine hawakusikia,” Immaculate alisema.

“Mimi hapa ni mgeni tu!”

Watu wakashangilia. Immaculate alimletea mchuzi kwa mikono miwili, kama siku ile. Alikula nyama akamaliza, akataka kumshika mkono.

“Imma, uko na roho nzuri. Mwingine hangeniita.”

“Kunywa mchuzi, usipoe. Basi la mwisho linatoka saa kumi na mbili.”

Kuna mtu atauliza kama hakumwonea huruma. Alimwonea. Alikuwa amelala na mwanaume huyo miaka ishirini na tatu, na bado alijua kwamba anapenda chumvi nyingi, na alikuwa ameiweka.

Omolo alirudi tena mwanzoni mwa mwaka 2007. Hakuitwa.

Immaculate alikuwa amestaafu miezi michache nyuma. Alikaa kwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili ambayo Ouko alimjengea kando ya geti, na nje aliweka kiti kimoja cha baraza. Mchana huo aliona mzee akishuka barabarani akichechemea, mguu mmoja kwenye ndara, umefungwa kitambaa. Ile suti ya kijivu ilikuwa inamning'inia mwilini.

“Hodi, Mama Ouko.”

“Karibu. Keti hapo kwa kiti.”

Aliketi, akahema. Immaculate hakuuliza kitu. Harufu ya mguu ilimwambia kila kitu kabla ya mdomo.

“Ni sukari?”

“Daktari amesema ni sukari. Hii kidonda iko na miezi mitatu.”

“Nani anakuosha?”

“Hakuna mtu.” Omolo alitazama chini. “Pensheni Valerie alisema tufungue nayo posho mill, ya kusaga unga. Mashine ikaharibika. Siku hizi yuko dukani Ugunja wiki nzima. Akirudi anasema hawezi vumilia harufu. Analala na mtoto chumba kingine. Mama naye alishaenda, unajua.”

“Nilisikia. Pole.”

Aliingia ndani, akatoka na beseni, maji ya chumvi, pamba na mkasi. Alipiga magoti mbele yake, akafungua kitambaa pole pole. Miaka thelathini ya wodini ilikuwa kwenye vidole vyake. Omolo alifumba macho, na machozi yakamtoka.

“Hakuna mtu amenishika hivi tangu niende,” alisema.

“Usitingishe mguu.”

“Imma, nimekosa.”

“Ndiyo.”

“Nataka kurudi. Sitaki kitu, nataka tu mahali pa kulala. Wewe ni nesi. Ukinichunga miezi miwili nitapona. Tutakaa hapa kwa baraza kama tulivyosema. Viti viwili.”

Immaculate alikausha kidonda, akaweka dawa, akaanza kuzungusha bandeji nyeupe, safu juu ya safu, bila kukunjika hata moja. Alipofunga fundo ndipo alipoinua uso.

“Utalala wapi, Baba Ouko?”

“Hapa kwako.”

“Hapa ni wapi?”

“Kitengela.”

“Hii ni dala ya nani?”

Omolo aliangalia waya wa upande huu, kisha waya wa upande ule. Palepale alipokuwa amenyoosha fimbo, Nyaguthii alikuwa anaanika nguo za mtoto.

“Imma...”

“Ulisema mwenyewe, mara mbili. Majirani walisikia. Baba halali kwa dala ya mwanawe. Ukilala hapa leo, chira itamwendea nani? Si Ouko? Ulimwambia akiwa mdogo kwamba chira inaua. Aliamini. Bado anaamini.”

“Lakini wewe unalala hapa! Wewe ni mama yake!”

“Mjane hujengewa kwa mwanawe. Hiyo pia niliuliza wazee.”

“Mjane? Mimi niko hai!”

“Mimi nilikuzika na lori, na wilbaro, na viti viwili. Nilikupakia kwa mikono yangu.”

“Huwezi kunifanyia hivi. Mimi ni mume wako!”

“Mimi sikuweka hizo mila,” Immaculate alisema. “Wazee ndio waliweka.”

Ndipo Omolo alipoelewa ile simu ya heshima, na mchuzi wa mikono miwili, na kwa nini aliambiwa arudie.

“Ulinipangia.”

“Si tuligawana kazi? Mimi nilishika leo. Kesho ulishika wewe.”

Ouko alirudi kutoka kazini saa kumi na kumkuta baba yake kwenye kiti. Alisimama getini na mkoba wake wa vyuma, akawatazama wote wawili.

“Buda.”

“Mwanangu. Mwambie mama yako.”

Ouko alimtazama mama yake. Aliona beseni, aliona bandeji, na kwa muda mfupi akaonekana anataka kusema kitu. Immaculate alingoja, na kusema kweli aliogopa. Kama kijana angesema karibu ndani, kila alichokipanga kingeanguka, na pengine angeshukuru.

“Nitakupeleka stendi,” Ouko alisema. “Kabla giza.”

Alimpa baba yake bega, wakatoka pole pole. Immaculate alimimina maji ya beseni nje ya waya, akaliosha kwa sabuni mara tatu. Kisha akaketi kwenye kiti chake. Bado kilikuwa na joto la mwili wa Omolo. Akalia, sasa akalia kweli, hadi Nyaguthii akamwachia mtoto mapajani na kwenda kupika bila kuuliza neno.

Saa mbili usiku simu ilitoa mlio wa mesiji.

“Niko kwa basi. Umelipiza, Imma. Umefurahi sasa?”

Alisoma mara moja. Aliandika jibu, akalifuta. Akaandika tena, na hili akalituma:

“Badilisha bandeji kesho asubuhi. Usiloweshe. Dawa nimeweka kwa mfuko wa koti.”

Akazima simu, akamwinua mtoto aliyekuwa amelala, akaingia ndani na kufunga mlango.